Mpaka Mlangoni

Mzee Pandu alilinyooshea kidole tuta lile lile la kaburi. Jana alimwonyesha Tabia: hapa ndipo alipolazwa mwanao Mayasa. Leo anamwonyesha Fauzia: hapa ndipo alipolazwa mama yako, Bi Nasra.

Mzee hakuwa mwongo. Kati ya waliokuwa wakibeba majeneza ni yeye tu aliyebaki mtaani kwao Bellevue, na akili yake siku hizi ilikwenda na kurudi. Alipenda tu kumpa kila mtu alichokuja kukitafuta.

Makaburi yenyewe yalikuwa shambani, nje ya Johannesburg. Upande wa mbele walizikwa wakulima wa kizungu waliofungua ardhi ile, chini ya mawe yenye majina. Jamaa zao walishakuja wakawahamisha kwa heshima zote. Upande wa nyuma, mwenye shamba wa zamani aliwapa kipembe Wazanzibari na watu wa Tanga wa mwanzo kufika mjini, watu wasio na mtu. Wao waliona kuandika juu ya kaburi ni makuruhu, jambo lisilopendeza katika dini. Waliweka kijiwe, wakapanda mche, wakaondoka. Miche ikafa kwa baridi, vijiwe vikachukuliwa na mvua. Sasa shamba limeuzwa, yanajengwa maghala, na kila mfu asiye na wa kumtambua jioni hii atatiwa kwenye shimo la pamoja.

Wanawake wote waliozikwa pale aliwaosha Tabia. Aliosha, akavisha sanda, akafukiza udi, akawakabidhi wanaume mlangoni. Wanawake hawaendi mazikoni, ndivyo walivyolelewa. Hata Mayasa, aliyekufa kwa uzazi, alimwosha kwa mikono yake, akabaki mlangoni akisikiliza gari likiondoka. Miaka yote hakuja huku. Alijiambia wapo wanaojua, na hao wanaojua wakaisha mmoja mmoja. Hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

Ruphin, Mkongo aliyeajiriwa kufukua, alishuka shimoni na mwiko na brashi, akafanya kazi taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alipofika kwenye mwanandani, pale maiti anapolazwa, aliinua uso.

"Mama, njo mutoto yako huyu?"

Tabia aliinama. Mfupa wa paja la kushoto ulikuwa umeunga kombo. Alilikumbuka paja hilo: alitia pamba chini ya goti ili sanda ikae sawa. Bi Nasra aliteleza kwenye ngazi za jengo moja mjini akavunjika, akawaficha watu wa kwao Tanga, na Fauzia, aliyelelewa huko na bibi yake, hakupata kujua. Na mwosha maiti hasemi alichokiona. Siri ya maiti huzikwa na maiti. Angenyamaza tu, wangeifunga mifupa hii wakampa, naye angekuwa na kaburi la kwenda kulizuru. Alitaka. Wallahi alitaka, mpaka akajionea haya.

Fauzia alimshika mkono. "Kama ni wako, Mama Tabia, mchukue," alisema. "Mimi hata sura yake siikumbuki vizuri."

Lau angegombana, ingekuwa rahisi.

"Ni mama yako," Tabia alisema. "Aliwahi kuvunjika paja. Hakutaka mjue."

Fauzia alikaa chini kwenye udongo akalia. Ruphin akaanza kuipanga mifupa juu ya shuka nyeupe, bila kumtazama mtu. Tabia akamwendea Mzee Pandu pale alipokalishwa, akapiga magoti, akamwomba afikiri vizuri, kwa haki ya Mungu, Mayasa yuko wapi.

Mzee alitabasamu. Alifurahi kuulizwa kitu anachokijua. Akanyoosha kidole kwenye shimo walilokwisha kulifukua.

"Pale pale, mwanangu. Si nilikuonyesha jana?"

Upande wa pili tingatinga likawashwa. Tabia alivua viatu, akaingia katikati ya matuta, akasimama kwenye la kwanza akaita, "Mayasa." Akangoja kidogo. Kisha akaliendea la pili.