Mfuko wa Kushoto

"Fundi, unakwenda Durban au unahama?"

Polycarp alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya ulinzi, kikombe cha chai mkononi, akiangalia vitu vilivyopangwa sakafuni. Dumu la maji la lita ishirini. Sufuria mbili, moja ndani ya nyingine. Mfuko wa unga. Chumvi imefungwa kwenye kitambaa. Blanketi zimekazwa kwa kamba. Na juu ya yote mbabula, lile jiko la mkaa ambalo Mkongo haliachi nyuma hata akifukuzwa na moto.

Octave hakuinua kichwa. Alikuwa akijaribu kamba kama imekaza.

"Safari ni safari," alisema.

"Safari ya usiku mmoja! Unapanda Park Station jioni, unasinzia kwenye kiti, asubuhi unaona bahari. Mle ndani wanauza chai na mkate. Ukiwasha mkaa watakushusha stesheni ya Germiston, wewe na dumu lako."

"Na treni ikikwama?"

"Ikikwama watu wanatukana kidogo, halafu inaondoka. Eish, fundi! Hii si treni ya kwenu."

Polycarp alicheka. Kisha akaona anacheka peke yake, akanywa chai. Alikuwa Mtanzania wa Bukoba, mlinzi wa duka la samani, mpangaji wa chumba cha pili katika nyumba hii kuukuu ya mtaa wa Bertrams, Johannesburg. Alimpenda Octave na alimtania kila siku, lakini kulikuwa na milango kwa mtu huyu ambayo alishajifunza kutoigonga.

"Mwambie, kaka Polycarp," Brigitte, mkewe Octave, alisema kutoka jikoni. "Mimi nimesema mpaka mate yamenikauka. Tunakaa siku mbili tu. Tunaona bahari, tunaona soko la Wahindi, tunaona samaki wakubwa kwenye vioo, tunarudi. Yeye anafunga mizigo ya mtu asiyerudi."

"Nimeshamwambia, shemeji. Sasa nakwenda kulala. Nimekesha nikilinda makochi ya watu."

Safari yenyewe ilikuwa ya binti yao Murielle. Mwalimu aliwaambia watoto wachore bahari, na Murielle, mwenye miaka minane, mzaliwa wa Johannesburg, akachora bwawa la kuogelea lenye ngazi ya chuma pembeni. Octave aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Akasema, shule zikifungwa mwezi wa sita, tutakwenda Durban kwa treni. Alisema kabla hajafikiri. Mtoto alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia, na baada ya hapo hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Tiketi zilikuwa zimenunuliwa. Zilibaki siku chache.

Tatizo lilikuwa treni.

Octave na Brigitte wote walikuwa wa Likasi, kule Katanga. Lakini Octave alikuwa Muluba, mtu wa asili ya mkoa wa Kasai, ingawa yeye na baba yake walizaliwa Likasi na hawakujua mji mwingine. Mwaka 1992 watu wa Kasai walifukuzwa kwenye nyumba zao. Walikwenda kukaa stesheni, maelfu yao, wakalala juu ya kokoto na kando ya reli, wakingoja treni ya kuwapeleka "kwao", mahali ambapo wengi hawajawahi kupaona. Wengine walingoja mwezi, wengine karibu mwaka. Baba yake Octave alikufa akingoja. Mama yake aliipata treni, lakini hakufika.

Brigitte alikuwa mtoto wa wenye mji. Walikutana miaka mingi baadaye, huku Johannesburg, kanisani, wakapendana kwa sababu wote wawili walisema "Likasi" kwa namna moja. Hawakuwekeana masharti. Ila yeye hakuuliza habari za stesheni, na Octave hakueleza. Brigitte alijua tu kwamba mama mkwe wake alifia njiani, na kwamba mumewe hajapanda treni tangu hapo, hata zile za mjini zilizokuwa zikipita stesheni ya Ellis Park, karibu kabisa na kibaraza alichowekea cherehani yake.

Asubuhi hiyo koti lilifika.

Brigitte alikuwa amempigia simu mama yake, na yule mama mzee aliposikia treni, baridi na mjukuu katika maneno matatu yaliyofuatana, hakutulia. Alimpa koti Mama Marthe, mchuuzi wa Lubumbashi anayekuja Johannesburg kununua bidhaa. Lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, likinuka dawa ya nondo.

"Mama anasema umkatie Murielle," Brigitte alisema. "Yeye halivai. Anasema ni sufu ya zamani, haipatikani tena."

Octave alilipeleka kibarazani, kwenye jua. Jua la Juni la Johannesburg linang'aa bila kupasha moto. Alifunga shingo yake kwa skafu ya Murielle akakaa kwenye stuli. Lilikuwa koti la kike la kijani kilichokolea. Aliposhika pindo alitikisa kichwa kwa heshima. Sufu nzito kweli. Bitana imeshonwa kwa mkono. Hakuna anayeshona hivyo siku hizi, alifikiri, watu wanataka vitu vya haraka.

Fundi hakati nguo kabla ya kupekua mifuko. Aliingiza mkono mfuko wa kulia. Mtupu, laini. Aliingiza mkono mfuko wa kushoto.

Vidole vyake vilisimama.

Mshono ulikuwa ndani. Ule upande mbaya wa mshono, wenye nyuzi na kingo, ambao mfuko wowote duniani unauficha kati ya kitambaa na bitana, hapa ulikuwa upande wa mkono. Mtu alikuwa ameushona mfuko huu kinyume. Mtu aliyekuwa bado anajifunza.

Octave aliutoa mkono polepole. Aliutazama. Akaurudisha.

Wakati ule, kule Likasi, alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, fundi cherehani naye, alikuwa akimshonea mama yake koti, na kwa mara ya kwanza alimwachia mtoto kipande cha kazi: shona mfuko wa kushoto. Alishona kwa fahari, kinyume. Akalia alipoona. Baba yake aliugeuza mfuko mkononi, akafikiri, akasema, "Uache. Mama yako atauvaa hivyo hivyo." Na mama yake aliuvaa hivyo hivyo, akitia mkono wa kushoto mfukoni barabarani na kusema, "Mwanangu ananikwaruza."

Hapana, Octave alijiambia. Mafundi wanafunzi wapo wengi.

Alichukua wembe. Alifumua ukosi, kidogo tu, pale katikati nyuma ya shingo. Baba yake aliweka ndani ya ukosi wa kila koti kipande cha kitambaa kilekile, cha kutilia kiraka siku zijazo, akakibana kwa mishono mitatu ya uzi mwekundu. Mwanafunzi aliyesahau alipigwa rula.

Kipande kilikuwepo. Na mishono mitatu myekundu.

Wembe ulimtoka ukaanguka kwenye sakafu ya saruji. Alibaki ameshika koti kwa mikono miwili. Mtu mmoja alipita barabarani akamsalimu, "Sharp, fundi!" na Octave akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliye hai anavyofanya.

"Mama Murielle," aliita. Sauti ilitoka ndogo. "Mama Murielle. Njoo."

Brigitte alitoka akifuta mikono. "Limekuwa dogo?"

"Mama yako alilipata wapi?"

"Nini?"

"Koti."

"Alinunua."

"Wapi?"

Brigitte alitazama pembeni, kuelekea barabarani. "Papa Murielle, ni zamani. Tulishakubaliana kwamba mambo yale…"

"Hatukukubaliana kitu. Tulinyamaza. Alinunua wapi?"

"Stesheni," alisema.

Treni ya mjini ilipita Ellis Park. Walingoja ipite.

"Nilikuwa naye," Brigitte alisema. Sasa alikuwa ameanza, akaona afadhali amalize. "Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilibeba kikapu. Mama alikuwa anapeleka unga na samaki wa kukausha. Watu wa pale walikuwa na njaa na sisi tulikuwa na unga, njo vile, ndivyo ilivyokuwa. Walitoa redio, walitoa sufuria, nguo za harusi. Siku ile mama mmoja alilivua koti mwilini. Mama yangu alipolishika alisema bado lina joto."

"Alikuwa vipi?"

"Nani?"

"Huyo mama."

"Mwembamba. Anakohoa. Mama yangu alimpa bakuli la unga na samaki mmoja. Yeye akasema, ongeza samaki mwingine, nina kijana anakula kama watu wawili. Alikuwa anacheka akisema hivyo. Ndiyo maana ninakumbuka, kwa sababu pale hakuna aliyekuwa anacheka."

"Aliongezewa?"

"Nini?"

"Samaki. Mama yako alimwongezea?"

"Alimwongezea. Wakawa wawili." Brigitte alimtazama uso. "Kwa nini unauliza hivyo?"

Octave alikuwa anakumbuka. Jioni ile mama yake alirudi na sahani iliyofunikwa, akasema parokia imegawa chakula. Ugali na samaki wawili. Akasema yeye ameshakula kwenye foleni. Octave, kijana wa miaka kumi na tisa, alikula ugali wote na samaki wote wawili, akanyonya mifupa. Asubuhi aliuliza koti liko wapi. Mama yake akasema limeibwa usiku.

Aliwalaani wezi wale. Aliwalaani mle ndani ya behewa la wazi, baridi ya mwezi wa sita ikiwakata, mama yake amejifunga kitenge na kukohoa kifuani mwa mwanawe. Aliwalaani karibu na Kamina, pale treni ilipokwama na yeye akachimba kaburi kando ya reli kwa mfuniko wa sufuria, kwa sababu hakuwa na kitu kingine. Amewalaani tangu siku hiyo, kila baridi ilipoingia. Aliwajua wezi wale kuliko alivyowajua majirani zake.

Na hapakuwa na wezi.

Alitaka hasira ije. Hasira angejua la kuifanya. Lakini mahali pa wezi palikuwa na kijana tu, mdomo unang'aa mafuta ya samaki, akiuliza kama kuna mwingine.

"Tia mkono," alisema, akamsogezea Brigitte mfuko wa kushoto.

Alitia mkono. "Umeshonwa vibaya."

"Nilishona mimi."

Brigitte aliutoa mkono upesi kama aliyegusa pasi ya moto. Tangu mtoto azaliwe hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Sasa alisema, "Octave." Kisha tena, "Octave, hapana. Hapana, usiniambie."

Alikaa kwenye ngazi ya kibaraza, kanga imemdondoka begani, hakuiokota. Walikaa hivyo, yeye kwenye ngazi na mumewe kwenye stuli, na koti kati yao juu ya cherehani.

"Nitalichoma," alisema baadaye.

"Hutachoma kitu."

"Basi nitalirudisha kwa mama. Nitampigia, nitamwambia…"

"Utamwambia nini? Kwamba aliongeza samaki?"

Brigitte alikuwa analia bila sauti, na Octave alimtazama akiwa mbali, kama mtu anayetazama mvua inanyesha mtaa wa pili. Kikapu. Alikuwa amebeba kikapu. Mkono huohuo unaomwekea sahani kila jioni. Alisubiri wazo hilo limfanye kitu. Lilikaa tu hapo, zito, kama dumu mlangoni.

"Tusiende," Brigitte alisema. "Tiketi zipotee. Mimi nitamweleza mtoto."

Lango lililia. Murielle aliingia kutoka spaza, duka dogo la pembeni, na mkate kwapani, akaliona lile koti la kijani, akautupa mkate juu ya stuli ya wateja iliyokuwa tupu.

"Ni langu?" aliuliza kwa Kiingereza. "Papa, ni langu, la kwenye treni?"

Wazazi wake walitazamana kwa mara ya kwanza tangu lilipotajwa neno stesheni. Brigitte aliinuka, akaokota kanga yake, akaingia ndani.

Octave aligeuza kreti ya soda.

"Panda," alisema. "Simama wima."

Alimvalisha. Koti lilimfika mtoto vifundoni na mikono ikameza vidole vyake. Murielle alicheka akazungukazunguka, harufu ya dawa ya nondo ikatawanyika. Octave alichukua mkasi. Kazi ilikuwa rahisi: kata pindo, kata mikono, punguza mabega. Aliweka makali kwenye sufu. Kisha akaurudisha mkasi mezani, akajaza pini mdomoni, akaanza kukunja. Alikunja pindo kwa ndani, mara moja, mara ya pili, bila kupoteza hata uzi, akibana pini baada ya pini. Kitambaa chote kilibaki ndani.

"Mfuko huu unanikwaruza," Murielle alisema. Safari hii alisema kwa Kiswahili, kile chake cha kukatakata, cha kumpendeza baba. "Huu wa huku. Papa, utaugeuza?"

Octave alitikisa kichwa kukataa.

Brigitte alikuja mlangoni. Macho yalikuwa mekundu lakini alikuwa amenawa uso. Kikaango kilikuwa mkononi. Alisimama kando ya dumu na mbabula, hakuvuka kizingiti.

"Samaki wa kula kwenye treni," alisema. "Papa Murielle. Nikaange, au nisikaange?"

Octave alikuwa amepiga magoti mbele ya mtoto, mdomo umejaa pini. Hakugeuka. Brigitte alikiona kisogo chake na mabega yake. Kisha mkono mmoja ukaliacha pindo, ukainuka, ukaonyesha vidole viwili: samaki wawili.

Murielle alikuwa ametulia sasa. Alitazama kule treni zinakopita, mkono wa kushoto ndani ya mfuko, na kwa nje sufu ya kijani ilipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, pale kidole chake kilipokuwa kikiufuata mshono.