Miaka Mitatu Mingine

Barua ilifika asubuhi. Hospitali imekubali kumdhamini tena, na kibali chake cha kazi kimeongezwa miaka mitatu. Jisha, aliyetoka Kerala, India, kuja Hull, Uingereza, kuwatibu waliopoteza usemi, alitamani sana kumwambia mtu. Wauguzi walimpita mbio. "Hongera, mpenzi!" akasema mmoja alipoambiwa, bila kusimama.

Akaingia kwa Bwana Appleyard, fundi bomba mstaafu. Tangu apatwe na kiharusi, neno lake lilikuwa moja tu, "hapana".

"Mzee wangu, kabla hatujaanza mazoezi, nina habari. Nimepewa miaka mitatu mingine hapa."

Mzee akamkazia macho. Midomo yake ikahangaika, na Jisha akangoja bila kumsaidia, kama kazi yake inavyotaka.

"Mama," mzee akasema hatimaye. "Mama... je?"

Maneno mawili mapya! Ilimpasa Jisha ashangilie, ayaandike kwenye jalada. Lakini tangu atue Uingereza hakuna aliyewahi kumuuliza habari za mama yake.

"Yuko peke yake," akajibu. "Kama mimi."

Bwana Appleyard akamshika mkono kwa ule wake mzima, na mazoezi yakachelewa kuanza.