Kimfuko chenye Vifungo Saba

Vidole vya fundi cherehani vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi hata kutia uzi kwenye sindano kukamshinda. Daktari alipompa vidonge alimwonya waziwazi: vinatuliza maumivu, lakini vinachubua tumbo. Ameze akishakula, na mwenye vidonda vya tumbo asiviguse kabisa. Fundi aliitikia kwa kichwa tu, maana akili yake ilikuwa kwenye sare arobaini za shule. Baada ya siku tatu mikono ilifunguka, akaapa hakuna dawa kama ile.

Mama mkwe wake naye alisumbuliwa na magoti. Kutwa alikaa kando ya cherehani akilalama, "Jamani magoti yangu!" mpaka fundi akawa anafumua kola moja mara mbili. Bibi huyo alikuwa na vidonda vya tumbo, na fundi alilijua hilo fika. Akajiambia kidonge kimoja kwa siku hakimuui mtu. Akamshonea kimfuko cha vyumba saba, kila chumba na kidonge chake na kifungo chake, akakipachika ndani ya gauni la bibi. Malalamiko yakaisha, naye akajipongeza kwa akili zake.

Siku ya nane bibi alitapika damu.

"Amekuwa akimeza dawa gani?" daktari wa hospitali aliuliza. "Bila kujua, tunapapasa tu."

Mume wa fundi akamgeukia mkewe, kwani ndiye anayeshinda na mama. Fundi akakodolea macho sakafu.

"Nilinunua mwenyewe dukani," bibi akasema kwa shida. "Jina sijui."

Muuguzi alipomfungua gauni, kimfuko kikaonekana, kimeshonwa kwa uzi uleule wa buluu wa sare. Mume alikitambua. Alimtazama mkewe tu, na afadhali angemtukana.

"Ni vidonge vyangu," fundi akasema, akataja jina la dawa. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, lakini mdomo ulishafunguka. "Na sikumpa kwa huruma, daktari. Nilitaka anyamaze nishone."

Daktari akatoka mbio kuagiza dawa. Jioni damu ilikuwa imekatika, na fundi akasogea kitandani kuomba msamaha.

"Nimekusamehe, mwanangu," bibi akasema, akimpapasa vidole vilivyovimba. "Ila wiki nzima nimewaonyesha majirani kile kimfuko. Nikawaambia, tazameni mkwe wangu anavyonipenda."