Chumvi ya Marehemu

Sumu niliyokuwa nikimpikia Pyo In-bae ilikuwa ya kunazi zilizokaushwa, tangawizi na kijiti cha mdalasini, nikiichemsha mpaka inakuwa nyeusi kama wino. Kwa miaka thelathini ameinywa mara kumi na tisa, kila mara akiwa amepiga magoti mkekani mbele ya mjumbe wa mfalme, na kila mara akifa kwa namna yake. Mwaka mmoja alianguka kama gunia la viazi. Mwaka mwingine alijilaza taratibu, kama mtu anayetafuta upande wa mto usio na joto. Akishakufa, huinuka, hujipangusa vumbi, huja mlangoni pa jiko langu. Nami, kabla hajavuka kizingiti, humrushia konzi ya chumvi, kama tunavyomrushia yeyote anayetoka mazikoni, ili kisicho chake kisimfuate ndani.

"Marehemu," humwambia, "sumu leo imekolea?"

"Tangawizi imezidi, mama mdogo. Nusura nipone." Ndivyo anavyoniita, ingawa hatuna undugu.

Mimi ni mpishi wa vyakula vya kupigwa picha hapa Mungyeong, bondeni kwenye jumba la mfalme la kuigizia, ambalo nguzo zake ni mbao zilizo tupu ndani na mawe yake ni plasta. Chakula kinachoonekana kwenye tamthilia ni chakula kweli, na kila tukio likirudiwa lazima kiwe vilevile: majani ya ufuta manne, yakiwa yamelalia upande uleule, na supu isiyozidi wala kupungua kidole. Shule niliishia darasa la sita, lakini bakuli nalijua.

In-bae alifika hapa ana miaka ishirini na saba, akiwa bega la nne katika mabega yaliyobeba machela ya malkia. Uso wake haukuonekana. Baadaye akawa maiti, kisha mpiga upinde, kisha mkata vichwa, kisha akawa mtu anayekatwa kichwa, na hiyo kwao ni kupanda cheo. Kuna mwaka aliingia kwenye tamthilia ya kila jioni, akiwa shemeji mkatili aliyemfukuza mjane wa kaka yake. Mwaka huo, pale sokoni kwetu, muuza vitunguu alikataa kumuuzia.

"Mrudishie kwanza mjane nyumba yake," yule mama alimwambia, "halafu uje tuongee habari za vitunguu."

In-bae alikuja jikoni mikono mitupu, anacheka mpaka machozi. Aliyemnunulia hivyo vitunguu ni mimi. Na bado, nasema kweli, sikuwahi kuiona kazi yake kuwa kazi. Nilimwambia usoni, si mara moja: "Wewe unajifanya tu. Mimi nikipika supu, supu ipo. Wewe ukifa, maiti iko wapi?"

"Kweli, mama mdogo," alikuwa akinijibu, huku akiendelea kula.

Kisha ukaja uvimbe wa koo. Walimkata, wakamchoma kwa mionzi, akapona, lakini aliyerudi hakuwa na sauti yake ya zamani. Ilikuwa nene kama kengele ya hekalu. Sasa ilikwaruza kama mlango wa ghala. Kumeza nako kukawa mtihani. Nilimwona akila uji kwa kijiko cha mtoto, na kila alipomeza alifumba macho, kama mtu anayepita kwenye miba gizani. Kwa miaka miwili hakuna aliyempigia simu. Mwigizaji asiyeitwa ni kisima kisichotekwa. Maji yamo, lakini hakuna anayeyajua.

Msimu uliopita wa majani mekundu akaitwa, kwa tukio moja tu. Mwongozaji alikuwa Seok, kijana mwenye haraka, ambaye hata chai huinywa amesimama. Waziri mzee, ndiye In-bae, amehukumiwa. Mjumbe amefika na bakuli la sumu. Waziri anaomba aruhusiwe kwanza kula chakula alicholetewa kutoka kwa mama yake. Kwenye maandishi palikuwa na hotuba ya mistari minane kuhusu uaminifu kwa mfalme. In-bae aliomba afutiwe saba.

"Mistari saba?" Seok aliuliza. "Sasa utafanya nini?"

"Nitakula."

Seok alimtazama koo, kisha akatazama paa. "Jua likivuka lile paa, ua wote unakuwa kivuli. Nikiona muda unakaribia kuisha na tukio sina, ananichezea mtu mwingine, na hotuba yote, mistari minane. Kusema kweli, yuko pale garini, ameshavaa."

Nikageuka nikamwona. Mtu mzima, ndevu za bandia zimebandikwa vizuri, anakunywa kahawa kwa mrija asizilowanishe. Nilijua, na In-bae alijua, kwamba mtu akiitwa baada ya miaka miwili kisha akashindwa, haitwi tena.

Basi nikafanya kosa la mpishi yeyote mwenye moyo. Nilipika wali wa In-bae peke yake, maji mengi, moto mdogo, mpaka ukawa laini kama wa mtoto anayeota meno. Nikaujaza kwenye bakuli la shaba ukasimama kilima, nikaufunika. Kwa mbali huwezi kuutofautisha. Nilijiona nimemtendea wema.

Ga-ram, binti ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila marudio yanafanana na yaliyotangulia, alikuwa na daftari lake: kijiko cha kwanza upande gani, mboga ipi baada ya kijiko cha ngapi. Hajawahi kukosea. Hata usingizini, nadhani, anahesabu.

Wakapiga picha mara ya kwanza. Wakapiga mara ya pili. In-bae alikula, na wali ule ukapita kooni bila shida. Na hapo ndipo palipoharibika.

"Anakunywa," Seok alisema kwa sauti ndogo. "Simwoni mtu anakula pale." Kisha akamwambia msaidizi wake, "Mwambie yule garini asogee."

In-bae aliinua kidole kimoja: mara moja tena. Akaja moja kwa moja jikoni na bakuli lake. Hakukasirika; angekasirika ingekuwa afadhali.

"Mama mdogo, huu ni wali wa mgonjwa."

"Wewe ni mgonjwa."

"Mimi ndiyo. Waziri siyo."

"Utaumia."

"Mama yake hakujua kama mwanawe ana koo bovu. Alipika wali wa nyumbani." Akatazama sufuria kubwa ya mafundi wa taa na wabeba mizigo, wali mgumu ambao punje zake hazisalimiani. "Nipe ule."

Nikampakulia, nikasimama nyuma ya nguzo na mwiko mkononi.

Akafunua kifuniko. Mvuke ukampanda usoni, naye akauacha, hakukwepesha kichwa. Akachota, akala. Alitafuna polepole, na kovu la shingoni likapanda, likasita, likashuka. Nilijua linavyouma. Lakini usoni pake maumivu yale hayakuwa ya koo tena. Yalikuwa ya mtu anayemeza nyumba yao kijiko kwa kijiko: jiko, moshi, mama aliyechuma majani haya ya ufuta bila kujua yataliwa wapi. Akameza tena. Akachukua jani moja, akalifungua taratibu kama barua, akalilaza juu ya wali. Mjumbe wa mfalme, kijana wa kukodiwa, akainamisha macho, na hakuna aliyemwagiza. Mimi nimepika miaka arobaini na nane, nimezika mume, nimezika dada wawili, na sikuwahi kujua kwamba wali wangu una hayo yote ndani yake.

Ulipobaki wali wa chini, alikomba mpaka punje ya mwisho. Akakifunika kile chombo kwa mikono miwili. Akageukia upande wa milima, ambako hapakuwa na mtu, akainama mpaka paji likagusa mkeka.

"Nimeshiba, mama," akasema.

Kwa sauti ile ya mlango wa ghala. Hakuna kengele ambayo ingeweza kulisema neno lile.

Kisha akavuta bakuli la sumu yangu kama mtu anayevuta kikombe chake cha chai, akanywa.

Seok alisema "Kata," lakini kwa upole, kama anayeomba radhi. Baadaye kidogo, akijikohoza, akasema warudie tena, kwa tahadhari tu, jua bado lipo.

Ga-ram akatazama daftari lake. Ukurasa ulikuwa mweupe.

"Hatuwezi kurudia," akasema. "Sikuhesabu."

"Hukuhesabu?"

"Hapana."

Seok akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Basi haturudii," akasema. Kule garini, yule bwana akaanza kubandua ndevu zake, upande mmoja kwanza.

In-bae alikuja mlangoni, kooni anapashika kwa kiganja. Nilikuwa nimeshatia mkono kwenye mtungi wa chumvi, na utani wangu wa miaka yote ulikuwa ulimini. Haukutoka. Nikamrushia chumvi tu, bega la kulia, bega la kushoto, na kidogo miguuni.

Alipoinua kichwa, Ga-ram alikuwa nyuma yake, daftari kifuani.

"Bibi," akasema, "na mimi."

Nikamrushia. Nyuma yake mjumbe wa mfalme, kofia mkononi. Nyuma yake fundi wa taa. Na nyuma yao wote Seok, amesimama kwenye foleni kama mtu asiye na haraka. Hakuna aliyecheka. Mmoja mmoja nikawarushia, mpaka mkono wangu ukagusa udongo wa mtungi, na chini kabisa ikabaki konzi moja.

Nikamwekea In-bae kiganjani, nikatoka nje ya kizingiti, nikasimama pale wanaposimama wanaotoka msibani.