Kalori za Mtu wa Kiti

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, sina wa kumsingizia. Kazi yangu ni kubeba mifuko kwenye ghala la saruji, lakini mshauri wa lishe, bwana mwenye kucha safi kuliko sahani zetu, aliponiuliza nafanya kazi wapi, niliona haya nikajibu, "Ofisini." Akabonyeza kikokotoo: kalori elfu moja na mia nane kwa siku, zisizidi.

Siku ya nne ya kula hizo tu, mfuko ukanilaza mlangoni mwa ghala. Msimamizi akasema nikianguka tena nitafute kazi nyingine.

Mke wangu akanikokota hadi kwa mshauri, akamweleza ukweli wote.

"Huyu wangu ni mpumbavu, hilo nalijua," akasema. "Sasa mpigie hesabu ya mbeba mifuko."

Bwana hata kikokotoo hakukigusa. "Mama, mwili ni mwili. Zinamtosha hizo hizo, ila mumeo ni mlegevu."

"Sawa, baba. Kesho kula hizo hizo, uje ubebe mifuko mia. Jioni nitakuja na toroli, nikuzoe, uniambie nani mlegevu."