Mgonjwa Mwenye Njuga

Siku ile nililala kitini na viatu mguuni, kwa hasira. Aldercombe, kijiji cha Uingereza ninakoishi tangu nihame Pangani, kina ngoma yake ya kale ya kuipokea Mei: wanaume sita hufunga njuga miguuni, hupunga leso nyeupe na kugonganisha fimbo. Wasipotimia sita, ngoma haichezeki. Mwaka huu walibaki watano, na Mzee Wilfred, kiongozi wao, alinifundisha majira yote ya baridi ili niwe wa sita. Kesho ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mchana kamati ya kijiji ikakutana, ikaamua kwamba urithi wa mababu hauchezwi na mgeni. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na katika hao wote hakuna aliyejitolea kuwa wa sita.

Usingizi ukanitupa katika nchi ya vilima vya kijani, ambako upepo ulinuka vumbi la nguo zilizofungiwa. Bibi mmoja mwembamba akanishika mkono. "Mimi ni Kumbukumbu," akasema. "Twende upesi, kuna mgonjwa." Tukaingia nyumba iliyojaa waombolezaji. Kiburi alisimama mlangoni kavaa suti, akimuuliza kila aingiaye ukoo wake. Uvivu alikalia kiti kizuri kuliko vyote, akilia kuliko wote, bila kunyanyuka. Woga alizunguka akifunga madirisha. Kitandani alilala mama aitwaye Urithi, anachemka homa, njuga miguuni, na vidole vyake vilikuwa vikitafuta mdundo chini ya shuka.

"Maji," akasema. Wote wakaangua kilio upya. Nikachukua kikombe, Kiburi akanizuia. "Wewe ni nani kwake?"

"Ni mwenye maji," nikamjibu.

Kumbukumbu akacheka kwa uchungu. "Mwanangu, wa kumlilia ni wengi, wa kumnywesha hakuna. Ngoma hairithiwi kwa damu, hurithiwa kwa jasho. Kwenu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni akija, heri mwenyeji afe." Hapo wakaingia mafundi na jeneza la kioo. "Sijafa!" mama akapiga kelele. Kiburi akamziba mdomo kwa leso nyeupe, kwa heshima zote, na nyundo zikaanza.

Nikazinduka, nyundo zikaendelea. Zilitoka ukumbini, ng'ambo ya barabara, nami nikavuka. Mzee Wilfred alisimama nje, mikono mitupu.

"Kabati la kioo, Shekue," akaniambia. "Kesho hakuna ngoma, kuna maonyesho. Njuga zetu zitatundikwa humo."

"Na wewe, mzee wangu?"

"Nimeombwa nikate utepe."

Sikuhitaji mwaguzi wa kunifasiria ndoto. Wanaojiita walinzi wa mama yule walikuwa wakimzika mzima, na moyo wangu ulijaa nyongo. Dirishani nikamwona mwenyekiti wa kamati akizitundika njuga, nazo zikalia. Akazikamata haraka mpaka zikanyamaza.