Barua Chini ya Kioo

Vidhi, binti wa Shobhana mwenye duka la jirani, alirudi Bongo kutoka masomoni Uskochi, na siku ya pili tu akaingia dukani kwa Zulekha mbiombio.

"Shikamoo, Mama Sophia! Nimeona barua yako kwenye maonyesho!"

Zulekha akaacha kukunja vitenge. "Marahaba. Barua gani tena?"

Vidhi akamsogezea simu. Kumbe Morag, yule mwandishi wa Kiskochi aliyewahi kufundisha naye shule moja hapa Dar, uzeeni ameikabidhi maktaba kila barua aliyowahi kuandikiwa. Zimepangwa chini ya kioo, watu wanapita wanasoma. Na kwenye picha ya Vidhi ulikuwa mwandiko wa Zulekha mwenyewe: "Huyu mtoto si wangu, Morag. Kazaliwa na mdogo wangu Mboni akiwa bado mwanafunzi, mimi nikamchukua nikasema nimezaa. Ukimwambia mtu, umeniua."

Damu ikampanda kichwani. Looh! Miaka yote hiyo siri imetulia, leo imeanikwa kama nguo za mtumba!

"Umeisoma?"

"Hapana, kulikuwa na foleni. Nimeona jina lako, nikapiga picha. Nimemrushia dada Sophia asubuhi, na yeye afurahi."

Zulekha hakumgombeza mtoto wa watu. Angemgombeza kwa lipi? Akampigia Sophia, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, wapi! Ndipo akampigia Morag.

"Zulekha, mpenzi!" Kiswahili cha Morag bado kilikuwa kizuri, sauti tu ndiyo ilizeeka.

"Mpenzi wako nani? Nani kakupa ruhusa ya kunianika?"

"Lakini ile ndiyo barua nzuri kuliko zote nilizopata. Watu wanasoma tafsiri yake, wanalia."

"Wanalia! Nilikuandikia wewe, sikuwaandikia wao!"

"Nimeandikiwa mimi, basi ni yangu. Halafu huku nani anakujua, Zulekha?"

"Mwanangu ananijua! Mtoto nimemlea kwa mikono hii, nimemuuguza surua, nimemwoza, leo unanipokonya ili wewe usifiwe? Mshenzi mkubwa wewe! Na hilo liandike, ukawape waliweke kwenye kioo!"

Morag akaanza kulia. Zulekha akakata simu. Na alie, mtu mzima hovyo, kutunza neno la mwenzake kumemshinda.

Hata simu hajaiweka chini, Mboni akapiga kutoka Kigamboni.

"Dada, Sophia alikuwa hapa. Kaniuliza, nimeshindwa kudanganya. Ameshapanda pantoni, anakuja huko."

Zulekha akakaa juu ya robota la vitenge. Matusi ya kumpa Morag alikuwa nayo tele, hata ya kesho. Ya kumwambia Sophia, hakuwa na hata neno moja. Amwombe radhi? Kwa kosa gani, la kumpenda? Hasira zikamrudia upya.

Sophia akatokea mlangoni, macho yamevimba. Hakuingia moja kwa moja nyuma ya meza kama kawaida yake. Alisimama palepale wanaposimama wateja, mkoba kaukumbatia kifuani, akainamisha kichwa kwa adabu zote alizofunzwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."